Aliyesema na Aliyesikiliza: Kuvuja kwa Siri za Unasaji wa Mawasiliano, kutoka Mwanza hadi London

Tarehe 13 Desemba 2019 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi ilikutana jijini Mwanza. Siku sita kabla, Rais John Magufuli alikuwa ameweka jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi. Siku nne kabla, uwanja wa CCM Kirumba ulikuwa umepokea sherehe za miaka 58 ya Uhuru, ambapo Rais alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 na mwenyekiti wa CHADEMA, Freeman Mbowe, akasimama jukwaani kuomba maridhiano ya kitaifa. Kikao cha chama nacho kilikuwa na misamaha yake. Wabunge watatu waliokwisha kuomba radhi, January Makamba, Nape Nnauye na William Ngeleja, walisamehewa. Makatibu wakuu wastaafu wawili, Abdulrahman Kinana na Yusuf Makamba, pamoja na aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, waliamriwa kuitwa mbele ya kamati ya maadili. Wengi wao walifikishwa hapo na mazungumzo yao ya simu, ambayo yalirekodiwa na kusambazwa Julai ya mwaka ule. Maazimio yaliyotangazwa Mwanza yalishughulika na waliozungumza. Aliyesikiliza hakutajwa.

Insha hii inalichukulia pengo hilo kuwa ndilo jambo linalohitaji kuelezwa. Maandishi mengi kuhusu kuvuja kwa siri za ufuatiliaji wa serikali humweka mbele mtu mmoja mwenye dhamiri, mtumishi aliyechoka kunyamaza, ambaye huchukua nyaraka na kuzikabidhi kwa waandishi wa habari. Picha hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi kueleza yaliyotokea kandokando ya Ziwa Victoria. Huku, siri huvuja kwa njia mbili ambazo zinafanana kwa jina tu. Njia ya kwanza hutoa nje mtambo wenyewe: nani ananasa, kwa chombo gani, kwa idhini ya nani. Njia ya pili hutoa nje mavuno ya mtambo, yaani maneno ya walionaswa, huku mtambo ukibaki gizani. Mvujishaji wa kwanza huihatarisha mamlaka. Wa pili mara nyingi huitumikia, ajue au asijue. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba matokeo ya uvujaji hutegemea zaidi swali ambalo wenye mamlaka, na umma pia, huchagua kuliuliza baada ya siri kutoka, kuliko uzito wa siri yenyewe.

Simu iliyosikika vibaya, na vifo vya kanda ya ziwa

Kusikiliza simu si jambo lililoingia nchini na simu za mkononi. Januari 1965, miezi michache baada ya Jamhuri ya Muungano kupewa jina la Tanzania, serikali iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani: Frank Carlucci, balozi mdogo Zanzibar, na Robert Gordon, msaidizi mkuu wa balozi Dar es Salaam. Ushahidi dhidi yao ulikuwa mazungumzo yao ya simu. Kwa maelezo ya Carlucci mwenyewe ya baadaye, walikuwa wakijadili namna ya kuishawishi Washington itume salamu za maadhimisho ya kwanza ya Mapinduzi ya Zanzibar, na neno la Kiingereza lenye maana ya risasi lilitumika kwa maana ya hoja za kushawishi. Wasikilizaji walilichukua neno kama lilivyo, wakaona njama ya kuipindua serikali. Mabalozi wa nchi zote mbili waliitwa nyumbani.

Kwa mwanahistoria, kilicho muhimu zaidi ya kosa la tafsiri ni kwamba serikali changa, kwa kuyatoa hadharani mavuno ya usikilizaji, ilikiri kwamba inasikiliza, na kukiri huko hakukuigharimu chochote ndani ya nchi. Mjadala wote ulihusu maana ya maneno. Mwaka 1965 hilo lilieleweka kwa urahisi: waliosikilizwa walikuwa wageni wa dola kubwa, Kongo ilikuwa inawaka moto ng'ambo ya Tanganyika, na hofu ya kuingiliwa na mataifa ya nje haikuwa ya kubuni. Lakini mazoea yalikwisha kuanza.

Miaka kumi na mmoja baadaye, kanda ya ziwa yenyewe ilitoa mfano wa kinyume. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, maofisa wa polisi na usalama walifanya msako wa watu walioshukiwa kuhusika na mauaji yaliyofungamanishwa na imani za uchawi. Washukiwa waliteswa wakiwa mikononi mwa dola, na baadhi yao wakafa. Yaliyofanyika ndani ya vyumba vya mahojiano yalikuwa siri ya vyombo vya dola kwa kila maana ya neno hilo. Yalipojulikana kwa Rais Julius Nyerere na kisha kwa taifa, swali lililoulizwa lilielekezwa juu. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ingawa hakuwa ameagiza mateso hayo. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, aliondoka pia, pamoja na wakuu wa mikoa Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadhi ya maofisa walishitakiwa na kutiwa hatiani.

Tukio hilo halikuhusu kunasa simu, na si busara kulilinganisha na ya 2019 kwa kila kipengele. Linaingia hapa kwa sababu linaonesha kwamba dola ya chama kimoja, isiyokuwa na vyombo huru vya habari wala bunge la upinzani, iliweza kuuliza “nani alitenda?” siri ya vyombo vyake ilipotoka. Mwinyi hakuangamia kwa kujiuzulu. Alikwenda Misri kuwa balozi, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985. Hoja kwamba wakati ule hakukuwa na utamaduni wa uwajibikaji, ambayo husikika mara kwa mara katika mijadala ya leo, haisimami mbele ya kumbukumbu za Mwanza na Shinyanga.

Julai 2019

Tarehe 14 Julai 2019 Kinana na Yusuf Makamba walitoa waraka kwa katibu wa Baraza la Ushauri la Viongozi Wakuu Wastaafu wa CCM, Pius Msekwa. Walilalamika kwamba Cyprian Musiba, aliyejitambulisha kuwa mwanaharakati huru na mtetezi wa Rais, alikuwa akiwachafulia majina kwa muda mrefu bila kuguswa na chombo chochote, na wakahoji anapata wapi kinga hiyo. Haukuwa waraka wa siri, na lugha yake ilikuwa ya wazee wa chama: ya adabu, ya kuzunguka, iliyojaa marejeo ya katiba na kanuni. Ndani ya siku chache sauti zilianza kusambaa. Zilikuwa sauti za wazee hao wawili na za wabunge wale watatu, wakizungumza kwa simu juu ya hali ya chama, juu ya waraka wenyewe, na juu ya mwenyekiti wao. Hazikuwa na mpango wa uasi. Zilikuwa maneno ya watu wanaoaminiana, wakiongea kama watu wanavyoongea pale wanapodhani wako peke yao.

Muda wa tukio unastahili kuangaliwa. Mazungumzo yaliyohusu waraka hayakuweza kurekodiwa kabla ya waraka kuwapo. Kwa hiyo kurekodi, kuchagua na kusambaza kulifanyika ndani ya siku chache tu. Tena walionaswa walikuwa wengi, wakitumia simu tofauti na kuzungumza kwa nyakati tofauti. Mtu anayeficha kinasa sauti mezani hawezi kufanya kazi hiyo. Anaweza tu mwenye kufikia njia ambamo simu za watu wengi hupita. Nia nayo inasomeka katika uchaguzi wa vipande: vilivyotoka ni vile vilivyowafedhehesha wenye sauti mbele ya mwenyekiti wao. Hakuna kipande kilichofichua namna ya usikilizaji. Huu ni uvujaji wa njia ya pili katika umbo lake safi kabisa.

Matokeo yalifika kwa kasi. Tarehe 21 Julai January Makamba aliondolewa katika nafasi ya Waziri wa Nchi aliyeshughulikia Muungano na Mazingira, na George Simbachawene akachukua nafasi yake. Mwezi Septemba Rais alitangaza kuwasamehe January na Ngeleja, na tarehe 10 ya mwezi huo Nape alifika Ikulu kuomba radhi naye akasamehewa. Katika kuwasamehe, Rais alieleza kwamba alizisikiliza sauti zile na kujiridhisha kuwa ni zao.

Kauli hiyo imepita bila kuchunguzwa vya kutosha, ilhali ndiyo kiini cha jambo lote. Mkuu wa nchi, aliyeapa kuilinda Katiba ambayo ibara yake ya 16 humhakikishia kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi, aliithibitisha hadharani sauti iliyonaswa kuwa halisi, kisha akaitumia kama msingi wa kusamehe. Msamaha humtangaza anayesamehewa kuwa mkosaji. Walionaswa walikiri kosa la kusema. Hapo swali la kosa la kusikiliza lilifungwa kwa heshima zote, kwa maana aliyeombwa radhi hawezi tena kuulizwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo inalifanya kuwa jinai tendo la kunasa mawasiliano bila idhini, ilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho wa sakata hilo. Ilikaa kimya.

Umma nao ulikuwa na sehemu yake. Mtu wa Nyakato au Igoma aliyezipokea sauti zile kwenye simu yake usiku na kuzituma kwa wenzake kabla ya asubuhi hakujiona kuwa anashiriki katika ufuatiliaji. Alijiona anapata habari ambazo magazeti hayangeziandika, na hakukosea, kwa sababu magazeti ya wakati ule yaliandika kwa tahadhari kubwa. Ng'ambo ya ghuba, wapiga kura wa Sengerema walimsikia mbunge wao akiongea kama hawakuwahi kumsikia katika mkutano wa hadhara. Kulikuwa na utamu katika hilo, na utamu huo ndio uliolimeza swali. Wiki mbili baada ya kikao cha Mwanza, Rais alisajili laini yake ya simu kwa alama za vidole akiwa Chato, na kuongeza siku 20 kwa wananchi ambao hawakuwa wamekamilisha usajili huo. Tarehe ya mwisho ikawa 20 Januari 2020. Foleni za kupata namba za NIDA zilikuwa ndefu nchini kote. Malalamiko yaliyosikika yalihusu foleni.

Tarehe 28 Februari 2020 Kamati Kuu ilimfukuza Membe uanachama, ikampa Kinana karipio na kumsamehe Yusuf Makamba. Ngeleja hakurudi bungeni baada ya uchaguzi wa mwaka ule. Membe alikwenda mahakamani dhidi ya Musiba kwa kashfa, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamuru alipwe mabilioni ya shilingi. Hivyo mahakama ilipata nafasi ya kupima maneno yaliyochapishwa gazetini. Maneno yaliyonaswa kwenye waya yalibaki kuwa suala la maadili ya chama.

Fungua Macho

Ng'ambo ya kaskazini ya ziwa hilohilo, uvujaji wa njia ya kwanza ulikuwa umekwisha kutokea miaka minne kabla. Oktoba 2015 shirika la Privacy International la London, pamoja na BBC, lilitoa hadharani yaliyomo katika waraka wa siri wa idara ya ujasusi wa kijeshi ya Uganda, CMI. Waraka huo, wa Januari 2012, ulikuwa taarifa kwa Rais Yoweri Museveni kuhusu operesheni iliyoitwa Fungua Macho. Jina la Kiswahili si ajabu. Kiswahili ni lugha ya jeshi la Uganda, na operesheni za kijeshi hubatizwa kwa lugha ya kambini hata pale ambapo wanaolengwa huongea Kiganda na Kiingereza.

Operesheni ilitumia FinFisher, programu ya kijasusi iliyouzwa na Gamma International ya Ujerumani. Mtego uliwekwa bungeni na katika ofisi nyeti za serikali, na katika hoteli 21 za Kampala, Entebbe na Masaka, kwa njia ya mitandao bandia ya intaneti: mgeni aliyeunganisha kompyuta yake akidhani anatumia mtandao wa hoteli alikuwa anafungua mlango. Muktadha ulikuwa uchaguzi wa Februari 2011 na maandamano ya Aprili yaliyofuata, ambapo Kizza Besigye na wenzake waliwahimiza watu kutembea kwa miguu kwenda kazini kupinga bei ya mafuta na chakula. Uganda tayari ilikuwa na sheria ya kusimamia unasaji wa mawasiliano, iliyopitishwa Julai 2010 katika siku zilizofuata milipuko ya mabomu ya Kampala, na sheria hiyo ilidai kibali cha jaji. Mitego ya hotelini ilipita kando ya kibali hicho.

Sehemu ya waraka inayoigusa zaidi insha hii ni ile inayoeleza kusudi. Waandishi wake walimweleza Rais kwamba taarifa binafsi za wanasiasa wa upinzani na wanahabari zikishapatikana zinaweza kutumika kuwatisha ili wadhibitiwe. Kwa maneno mengine, waraka uliovuja kwa njia ya kwanza ulieleza mapema matumizi ya njia ya pili. Mavuno hayakukusudiwa kuishia katika faili, bali yalikusudiwa kushikiliwa juu ya kichwa cha mtu. Mtafiti anayetaka kuielewa Julai 2019 ya Tanzania atapata ufafanuzi mzuri zaidi katika karatasi za Kampala kuliko katika taarifa yoyote ya CCM, ingawa hakuna haja ya kudai kwamba matukio hayo mawili yaliunganishwa na mkono mmoja.

Serikali ya Uganda ilikanusha. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, Facebook, WhatsApp na Twitter vilizimwa nchini humo pamoja na huduma za fedha kwa simu. Ufichuzi wa miezi minne kabla haukuwa umepunguza chochote. Pigo kwa kampuni ya FinFisher lilitoka kwingine: waendesha mashitaka wa Munich waliipekua mwaka 2020, na mwaka 2022 ikafilisika. Kuitwa katika shauri la nyumbani Ujerumani kuliiumiza kampuni kuliko ushahidi wa Kampala.

Kuhusu nia, Uganda ina kisa kingine kinachoonya dhidi ya kuwapamba wavujishaji wote kwa dhamiri. Mei 2013 gazeti la Daily Monitor liliandika juu ya barua ya Jenerali David Sejusa, mratibu wa vyombo vya ujasusi, aliyetaka uchunguzwe uvumi kwamba kulikuwa na mpango wa kuwaua waliopinga mwana wa Rais, Muhoozi Kainerugaba, kuandaliwa kurithi madaraka. Tarehe 20 Mei polisi walilizingira gazeti hilo na kulifunga kwa siku kumi wakitafuta barua na aliyeitoa. Sejusa alibaki Uingereza hadi Desemba 2014. Alikuwa miongoni mwa wajenzi wa nyumba aliyoifichua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haichoti kwa hiari yake: wengi wa wanaovujisha siri za dola wamekuwa watumishi wa dola, na hasira za kupitwa, hofu ya kutolewa kafara na uchungu wa kweli juu ya uovu hukaa ndani ya mtu mmoja bila kutenganishika. Mwanahistoria hana kipimo cha kuzitenga. Anachoweza kupima ni kama kilichotolewa kilimfunua msikilizaji au msikilizwaji.

Kipimo hicho ndicho kinachomfanya Edward Snowden, mwaka 2013, aonekane kuwa mfano rahisi kuliko mifano ya Afrika Mashariki. Alitoa mtambo. Hata huku kwetu alitoa sehemu yake, kwa kuwa nyaraka zilizochapishwa Mei 2014 zilionesha kwamba Marekani ilikusanya taarifa za simu za Kenya nzima: nani kampigia nani na kwa muda gani. Nchini Marekani swali liliulizwa mahali panapostahili. Sheria ilibadilishwa Juni 2015, na Septemba 2020 mahakama ya rufani ilitamka kwamba ukusanyaji wa jumla wa taarifa za simu za Wamarekani ulikuwa kinyume cha sheria. Shauri lililozaa hukumu hiyo lilikuwa la wahamiaji wa Kisomali wa San Diego waliotiwa hatiani kwa kutuma fedha kwa al-Shabaab. Hukumu yao haikutenguliwa. Snowden mwenyewe yuko Urusi. Nairobi, kwa upande wake, habari ya kukusanywa kwa simu za Wakenya ilipita kama wingu lisilo na mvua.

Mpelelezi wa kampuni

Kisa cha Tanzania kinachokaribia zaidi njia ya kwanza hakikutokea Tanzania. Kilisikika London, mbele ya baraza la migogoro ya kazi. Michael Clifford, aliyewahi kuwa ofisa wa polisi wa jiji hilo, alikuwa mpelelezi wa ndani wa Millicom, kampuni iliyomiliki Tigo. Alidai kwamba alifukuzwa kazi kwa sababu ya kutoa tahadhari kuhusu jambo alilolikuta: katika wiki zilizotangulia shambulio dhidi ya Tundu Lissu, Tigo ilikuwa ikiipatia serikali ya Tanzania taarifa za simu zake na mahali alipo. Lissu, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Singida Mashariki na rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, alipigwa risasi nyumbani kwake Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Risasi 16 zilimpata. Alipelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji, na aliporudi nchini ilikuwa Julai 2020.

Taarifa za mahali mtu alipo hazina maneno ndani yake. Haziwezi kusambazwa WhatsApp na hakuna anayeweza kuombwa radhi kwa ajili yake. Huenda ndiyo sababu zinaelezea ufuatiliaji vizuri zaidi kuliko sauti yoyote: hapa aliyefuatiliwa hakusema chochote, na swali la nani kasema nini halina mahali pa kukaa. Linabaki la aliyefuatilia tu. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996 ililitabiri swali hilo ilipokataza mtu kufuatiliwa kwa sababu tu ya kushiriki katika upinzani halali.

Nia ya Clifford nayo ilikuwa mchanganyiko. Alikuwa mtu wa taaluma aliyefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na alikuwa mwajiriwa aliyedai haki zake za kazi. Hakuvujisha kwa kuiba nyaraka na kukimbia. Alipeleka taarifa ndani ya kampuni, na siri ilitoka kwa sababu mabaraza ya Uingereza huendesha mashauri hadharani. Hata uhadhari huo ulipiganiwa: ubishi juu ya kiasi gani cha shauri kifichwe, kwa hoja ya usalama wa watu walioko Tanzania, ulifika hadi Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2023. Gazeti la The Guardian lilipoliandika shauri hilo Septemba 2024, Watanzania walisoma kuhusu simu za Dodoma kutoka chumba cha baraza la London, miaka saba baada ya risasi.

Mtu aliye na maarifa kama yake ndani ya Tanzania angesimama wapi? Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inamtisha yeyote anayetoa taarifa zilizowekewa muhuri wa siri. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, ulinzi ambao una thamani pale mamlaka husika inapokuwa si ndiyo inayolalamikiwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, pamoja na jina lake, inaweka kifungo cha miaka mitatu hadi mitano kwa anayetoa taarifa zilizozuiwa. Kwa mpangilio huo anayejua habari za mtambo ana kila sababu ya kunyamaza. Anayeshika mavuno, na kuyatoa kwa manufaa ya wenye nguvu, hajaonekana kizimbani.

Wahusika wa Julai 2019 walirudi. Chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, January Makamba alipewa Wizara ya Nishati Septemba 2021, Nape Nnauye Wizara ya Habari na Mawasiliano Januari 2022, na Kinana akawa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara Aprili 2022. Ni Nape, mtu ambaye simu yake ilisikilizwa na taifa zima, aliyewasilisha bungeni Novemba 2022 muswada uliokuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo ni hatua ya kweli kwa mteja wa benki na mgonjwa wa hospitali. Imeacha nje, miongoni mwa mengine, yanayofanywa kwa ajili ya usalama wa taifa. Tarehe 21 Julai 2024, miaka mitano kamili tangu January aondolewe mara ya kwanza, yeye na Nape waliondolewa pamoja katika baraza la mawaziri. Siku chache kabla, Nape alikuwa amerekodiwa Bukoba akisema kwamba matokeo ya kura hutegemea anayehesabu na anayetangaza, safari hii akiwa mbele ya watu na kamera zikionekana.

Lissu alisema Septemba 2024 kwamba angechukua hatua za kisheria dhidi ya kampuni na dhidi ya serikali. Millicom ilikuwa imekwisha kuuza biashara yake ya Tanzania mwaka 2022. Miezi miwili baada ya kauli yake, jina la Tigo lilianza kuondolewa katika mabango na maduka ya miamala nchini, na Yas likachukua nafasi yake.